Chupa za Bibi Yake Kabula

Ijumaa, saa kumi na moja jioni, Oktoba inaishia. Mvua ya kwanza ilinyesha juzi. Leo jua limetoka na Kisesa nzima inanukia udongo uliolowa. Kila ninayemwona barabarani ana jembe begani. Mimi nina aibu.

Nianzie kwenye ile picha. Wiki iliyopita niliweka hapa picha ya bustani ya shule yetu, iliyozungushiwa chupa za plastiki zilizojazwa mchanga na kufukiwa nusu, vichwa chini, na maua katikati. Niliandika maneno mengi kuhusu taka kuwa mali. Mlinipongeza sana. Mmoja wenu aliandika, "Walimu kama wewe ndio tunaowataka," nami nikaisoma sentensi hiyo mara nne, halafu nikamtumia dada yangu Bukoba asije akafa bila kuiona.

Hizo hongera naomba mzichukue.

Mimi ndiye mlezi wa klabu ya mazingira shuleni kwetu. Mwezi wa nane nilikwenda semina ya walimu, siku mbili pale Butimba, tukafundishwa kufundisha mazingira kwa vitendo. Tulionyeshwa jinsi chupa zinavyoziba mitaro na mwishowe kuishia ziwani. Nikarudi nina moto. Baadaye tukaambiwa kutakuwa na wageni watakaopita shule za kata, na yenye bustani nzuri itapewa zawadi. Basi nikachanganyikiwa kabisa. Jumatatu ya wiki iliyopita nikasimama mstarini, nikatangaza: kila mwanafunzi chupa kumi, mwisho Jumatano, na asiyetimiza asahau ziara ya ziwani.

Sikujiuliza mtoto atazitoa wapi chupa kumi.

Kwa watu wa mjini chupa ya soda ikiisha ni taka. Huku kwetu ikiisha ndiyo kwanza inaanza kazi. Kuna ya mafuta ya kula, ya maziwa, ya mafuta ya taa, ya maji ya kwenda nayo shambani. Inakuwa taka ikipasuka, na hata hapo kuna atakayeikata chini aifanye faneli ya kumiminia. Mwezeshaji wa ile semina alitusisitizia tuanze kwa kuwauliza watoto vitu vilivyotumika vinafanya kazi gani nyumbani kwao. Leo nimefungua daftari langu. Maneno hayo yamo, kwa mwandiko wangu, na nimeyapigia mstari.

Kabula yuko Darasa la Tano. Anaishi na bibi yake upande wa chini wa barabara, na sidhani kama mle ndani soda huingia zaidi ya mara mbili kwa mwaka. Jumatano hiyo alikuja na mfuko, akazipanga chupa zake mezani kwangu. Zilikuwa nane. Tatu zilikuwa na kitu ndani: majivu yaliyochanganyika na punje.

"Unaniletea uchafu, Kabula?" nikasema. Nikafungua moja baada ya nyingine, nikazimwaga kwenye ndoo ya taka mbele ya darasa zima. Watoto wakacheka, nami nikawaacha wacheke. Halafu nikamkumbusha kwamba bado mbili.

Ijumaa mwanafunzi wa zamu akaenda kumwaga ile ndoo kwenye shimo nyuma ya vyoo, tukachoma taka kama tunavyochoma kila Ijumaa. Ndiyo, mlezi wa klabu ya mazingira anachoma plastiki kila wiki. Nyani haoni kundule. Jioni ile ile nikapiga picha, nikawawekeeni hapa.

Juzi mvua ikanyesha. Jana asubuhi bibi yake Kabula akaja shuleni.

Ni mama mfupi, ana kanga mbili na miguu yenye matope. Aliingia ofisini kwa mwalimu mkuu akasalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," kisha akabaki amesimama mpaka alipovutiwa kiti. Nikaitwa. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba kwa upole kabisa. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa hata na hotuba fupi kuhusu ushirikiano wa wazazi.

"Mwalimu, sikufuata chupa," akasema. "Chupa kaa nazo, ziwasaidie watoto. Mimi nimefuata vilivyokuwemo ndani."

Ilikuwa mbegu. Choroko, mtama, na kunde anazopanda kwa ajili ya majani, yale wanayoyachemsha na kuyaanika yakawa nsansa, mboga ya kiangazi chote. Hizo kunde alipewa na mama mkwe wake alipoolewa, na kila mavuno huwa anatenga chupa moja, anatia majivu ili zisibunguliwe. "Za dukani zipo," akasema, "lakini zile zina punje tu, majani hazina. Nimeshalima. Nataka kuwahi unyevu."

Nikasema zilimwagwa. Sikusema nani alizimwaga.

Bibi akazitazama kanga zake. Kisha akamgeukia mjukuu wake, ambaye naye alikuwa ameitwa na amesimama mlangoni. "Kabula, hukumwambia mwalimu kuwa ni mbegu?"

Mwalimu mkuu akanigeukia. "Madam, mtoto hakukuambia?"

"Hakusema kitu," nikajibu.

Kabula akanitazama. Nafikiri hata sekunde mbili hazikutimia. Kisha akatazama chini, akasema, "Sikusema, bibi."

Sasa niseme nililoliruka hapo juu. Nimelifuta mara mbili tangu nianze kuandika, na sasa naliandika mara ya tatu.

Alisema. Ile Jumatano, nilipofungua chupa ya kwanza, Kabula alinishika mkono wa gauni, kitu ambacho mtoto wa kwetu hamfanyii mwalimu, akasema, "Madam, hizo ni mbegu za bibi." Aliongea kwa sauti ya kawaida na nilimsikia vizuri kabisa. Nikamjibu, "Bibi atapata nyingine. Mimi nataka chupa safi." Nikamwaga ya kwanza, ya pili, na ya tatu.

Na msinitetee kwamba huenda sikujua maana yake. Mimi ni mtoto wa mkulima. Nimezaliwa Muleba, na mama yangu aliweka mbegu ya maharage kwenye kibuyu chenye majivu juu ya dari ya jiko. Mwaka mmoja wa njaa tulilala na uji mwepesi kibuyu kikiwa juu ya vichwa vyetu, na hakuna aliyethubutu kukigusa, hata baba. Nilijua nilichokuwa nimeshika. Nilikuwa nawaza zawadi.

Pale ofisini mwalimu mkuu alimwomba bibi radhi kwa niaba ya shule, akasema watoto wa siku hizi midomo wanayo ila kwenye mambo ya maana wanakuwa mabubu. Kabula akapewa adhabu ya kufyeka nyasi nyuma ya ofisi ya walimu, ili siku nyingine ajifunze kusema. Nilikuwepo. Nilitikisa kichwa kukubali. Bibi akainuka, na kabla hajatoka akanigeukia mimi, mimi jamani, akasema, "Tusamehe mwalimu, tumekusumbua."

Alipoondoka nilikwenda kwenye shimo la taka. Nilichokoa kwa kijiti karibu nusu saa. Nilipata mifuniko iliyoyeyuka na vipande vya daftari. Punje nilipata nne, nyeusi kama mkaa. Nikaziweka mfukoni bila kujua za nini.

Leo mchana Kabula amefyeka. Nilikuwa nasahihisha madaftari na dirisha likiwa wazi, nikisikia fyekeo likipita kwenye nyasi mbichi. Ningeweza kusimama. Ofisi ya mwalimu mkuu iko hatua kumi kutoka mezani kwangu. Nikasahihisha madaftari arobaini na moja, na sikumbuki hata jibu moja nililosoma.

Alipomaliza alinawa mikono bombani, akachukua mkoba wake, akaja mpaka mezani kwangu. Akatoa chupa mbili. Zimeoshwa, zinang'aa, moja bado inanukia maziwa.

"Madam, zimetimia kumi," akasema.

Hakuwa ananisuta. Ningefurahi kama angekuwa ananisuta. Alikuwa anataka kwenda kuliona ziwa na wenzake, na mimi ndiye niliyesema kumi.

Nikamwambia, "Asante Kabula, nenda nyumbani." Mwalimu mwenye miaka tisa kazini, niliyesimama mbele ya semina nzima nikatoa mada, hayo ndiyo maneno niliyoyapata.

Chupa zenyewe ziko hapa mezani ninapoandika. Nimezitazama mpaka nimechoka. Ya maziwa itakuwa ndiyo ya mwisho waliyokuwa nayo, maana mtu haoshi chupa yake ya maziwa akaigawa kama ana nyingine.

Ile picha siifuti. Ibaki na maelezo haya chini yake. Ukiitazama vizuri, chupa ya tatu kutoka kushoto ina mstari wa kijivu karibu na kitako. Ni majivu, yalikataa kutoka nilipoisuuza. Wiki iliyopita niliuona na nikasikitika kwamba unaharibu picha.

Jumatatu nitaongea na mwalimu mkuu, na mstarini pia nitaongea, mbele ya waliocheka. Nimeshamwambia dada yangu anitafutie mbegu za mama, ingawa najua maharage ya Muleba si kunde za mtu. Nililolitenda halina malipo na sitajidanganya kwamba linayo. Labda majirani zake wanazo zile kunde, labda aliwahi kumgawia mtu. Nitauliza nyumba kwa nyumba kama itabidi, unyevu haujakauka bado.

Lakini kesho Jumamosi kwanza naenda kwake, na chupa mbili mkononi. Najijua. Nitakaribishwa kigoda, nitaulizwa habari za nyumbani, nitasifia mvua, na nikishasifia mvua nitapata njia ya kuondoka bila kusema. Kwa hiyo nayaandika hapa, mbele yenu mlionipongeza, nisije nikayapoteza njiani. Kabula awepo asikie. Baada ya shikamoo, kabla sijakaa:

Bibi, mtoto alisema. Mimi nilimsikia.