Kwa Baba, Fundi Lifti Aliyepima Cherehani kwa Umbea

Mwaka umekatika, Baba, na bado tukiingia sebuleni tunajikuta tumepunguza sauti ili tusikukatize. Halafu tunakumbuka. Kila tukikumbuka ni kama ndiyo kwanza tunaambiwa, na tunabaki tumeduwaa vilevile: nani? Baba gani? Wa kwetu?

Hatujazoea. Wanaotuambia tutazoea tunawaitikia ndiyo, ndiyo, wakishapiga kona tunatazamana. Mtu amekaa, amelalamika chai haina sukari, ameongezewa, ameonja, amesema sasa hii ndiyo chai. Mtu huyo anaondokaje na kikombe bado cha moto?

Samahani kwa picha hii tuliyowapa watu wa gazeti, ya kitambulisho cha kazini. Tulipekua albamu zote na simu zote. Kwenye harusi umefumba macho. Kwenye mahafali umefumba macho. Dada yako alisema tuweke tu, ndivyo ulivyokuwa, lakini Mama alikataa kata kata. Alisema picha yako ya macho yaliyofumba hataitazama, na sote tulijua kwa nini.

Kazini ulikuwa fundi wa lifti. Watu wa lile jengo refu la ofisi walipanda na kushuka miaka yote wakidhani ni kitufe kinachowabeba, kumbe ni wewe uliye kule juu kwenye chumba cha mashine, umefumba macho, unasikiliza kamba za chuma zinavyopita. Ulisema lifti haiugui ghafla, inaanza kwa kukohoa. Ulipostaafu walikupa saa ya ukutani na keki. Masikio hukuwaachia, uliyabeba ukaja nayo nyumbani, na sisi hatukujua yatatufanya nini.

Yalitujazia nyumba cherehani. Si hizi nyepesi za umeme, zile za kukanyaga, za zamani, zenye kichwa cheusi cha chuma na maua ya dhahabu yaliyofifia, kanyagio pana kama sinia chini, na mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu. Ulizitoa kwenye mabanda, kwenye stoo zilizovuja, nyuma ya maduka yaliyofungwa. Ulizilowesha kwenye mafuta ya taa, ukazisugua kutu kwa miswaki. Miswaki ya nani? Yetu. Kitinda mimba wako mpaka leo ananusa mswaki kabla ya kuutia mdomoni.

Na kushona hukujua. Hilo tuliseme wazi maana wageni walidhani una duka. Kifungo kikikukatika, wewe mwenye cherehani mpaka chini ya kitanda, ulitembea na shati mkononi ukimtafuta Mama, ambaye ni fundi nguo wa kweli.

Siku ya meza hatuwezi kuiruka. Mama alirudi sokoni akakuta sebule ina viti vinne vimeizunguka hewa.

"Baba Watoto, meza yangu iko wapi?"

"Imesafiri."

"Imesafiri na nani?"

Ulikuwa umeipeleka kwa wale waosha magari wa kona ya pili. Pipa lao la maji lilikuwa limekalia cherehani ya kukanyaga, na ulipoiona imebebeshwa pipa hukulala usingizi. Ukawapa meza waweke pipa lao, ukachukua kile chuma kilichooza. Tulikula tumeweka sahani magotini. Mama alikununia, lakini jioni moja tukamkuta ameinama anafuta yale maua ya dhahabu kwa kidole chenye mate. "Usiniangalie," alikuambia. "Natafuta meza yangu humu ndani."

Ile cherehani uliipa jina la Kuku, maana kila ikizunguka ilikuwa ikitetea kama anayetaka kutaga. Hakuna iliyokusumbua kama hiyo. Na hakuna iliyopimwa mara nyingi kama hiyo.

Kwa wanaosoma hapa na hawakuwahi kufika kwetu, tueleze kipimo cha Baba. Mashine ikishakarabatiwa, Mama alikaa kwenye chumba cha cherehani akakanyaga, akipitisha kitambaa chochote chini ya sindano. Sisi wengine, na yeyote aliyekuwa anapita, tulitakiwa kupiga umbea. Kwa sauti ya kawaida, ya mdomo na sikio. Baba alikaa pembeni, kiganja juu ya ubao wa mashine, kidevu kifuani, macho amefumba. Mtu mmoja tu akisema "Eh? Hebu rudia," mashine imeshindwa, inarudi kufunguliwa. Habari ikifika mwisho bila mtu kusema rudia, Baba anafumbua macho: "Imepita." Na masharti yalikuwa mawili. Kwanza, wakati anasikiliza usimsemeshe. Pili, Mama asisimamishe miguu mpaka Baba mwenyewe aseme.

Ndiyo maana nyumba yetu haikukauka watu. Wewe uliyekuwa na maneno ya kuhesabu ulijenga nyumba ya mdomo, Baba, na malkia wake alikuwa jirani yetu, Mama Redio, ambaye hutangaza jambo kabla wahusika hawajalifanya.

Jumamosi ile alikaa mkabala na wewe. Mama alikuwa kwenye Kuku, macho kwenye sindano. Shangazi alikuwa nyuma yake anakunja nguo, na sisi tulikuwa mkekani. Mama Redio akatoa habari ya yule mtanashati wa duka la simu aliyekwenda kupeleka posa. Hakuwa na koti, akamwendea dobi amwazime moja la mteja. Dobi akampa zuri, la kijivu. Jamaa akaingia kwa wakwe kifua mbele. Baba wa binti akainuka, akamtazama juu mpaka chini, akasema: "Karibuni wageni. Na wewe koti langu, karibu nyumbani."

Tulianguka. Shangazi alijifuta machozi kwa soksi ya mtu.

Hakuna aliyesema rudia. Tukakugeukia tusikie hukumu. Ukakaa kimya, kidevu kifuani.

"Kaka yangu leo anaringa," Shangazi akasema.

"Mwacheni, Kuku ina mengi," Mama akajibu, miguu inaenda.

Kwa hiyo tukaanza umbea mwingine. Baba, tulianza mwingine. Hakuna aliyekugusa, kwa sababu ulitufundisha tusikuguse. Uzi wa chini ndio uliokwisha. Mama akanyoosha mkono akusogeze kiganja afungue kijidroo cha bobini, na kiganja hakikusogea kama kiganja cha mtu anayesogezwa.

Daktari alisema ni moyo, na kwamba hata kama ungekuwa umekaa mlangoni kwake isingesaidia. Sisi tulilishika hilo. Mama hakulishika. Watu walikuja, wakalia, wakaondoka, na yeye alikuwa na swali moja tu, analiuliza akiosha vyombo, analiuliza amesimama na funguo mlangoni: "Aliondoka saa ngapi? Nilikuwa nakanyaga mashine karibu na mtu aliyekwisha kufa? Tulikuwa tunamcheka?"

Akakifunga kwa ufunguo chumba cha cherehani. Kazi za watu za kushona akazirudisha. Mtu akianza habari sebuleni, hata ya bei ya sabuni, alisema, "Tafadhali, hapa ndani hapana." Wageni wakapungua, wakaisha. Shangazi alikuja akakaa, wakatazama ukuta wote wawili, akaondoka. Tuseme ukweli, tuliogopa. Tulikuwa tumekuzika wewe, na yeye tulimwona anakufuata taratibu akiwa na kanga begani na ufunguo wa chumba mfukoni.

Ndipo akatokea bwana mmoja wa mgahawa. Alikuwa anatafuta miguu ya chuma ya cherehani za zamani, aiwekee mbao juu, wateja wake wanywee kahawa. Vichwa hakuvitaka. Mama akamwambia achukue zote. Tulipinga, kifungua mimba wako akapandisha sauti, na Mama akasema bila hata kugeuka, "Baba yenu ndiye aliyekuwa na neno kuhusu hizi mashine. Hayupo."

Bwana wa mgahawa akaja na bisibisi na mkokoteni. Akaanza na Kuku, maana ndiyo iliyokuwa mlangoni. Alikuwa amefungua skrubu moja tukasikia ndara zinakuja mbio uani.

"Weee! Weka chini hiyo bisibisi!" Mama Redio huyo, kilemba mkononi. "Mnaipeleka wapi mashine iliyopita?"

"Haijapita," Mama akasema. "Hakusema."

"Hakusema, lakini alicheka!"

Chumba kikasimama. Yule bwana wa mgahawa akabaki amepiga goti.

"Shoga, rudi nyumbani kwako," Mama akasema polepole.

"Sirudi. Kila nikifungua mdomo unaniambia hapana, sasa leo utanisikiliza, ukitaka unifukuze baadaye. Wewe ulikuwa unatazama sindano. Wifi yako alikuwa nyuma. Hawa walikuwa wanagaragara mkekani. Nani alikuwa anamtazama usoni? Mimi. Habari ilipofika kwa dobi, dobi mwenyewe alikuwa anapita hapo dirishani, nikashusha sauti, unakumbuka? Nikanong'ona. Na mumeo akanisikia, na mashine inazunguka! Mabega yalitikisika. Baba mkwe alipolikaribisha koti, ndiyo akacheka kabisa, bila sauti, lile jino lake la pembeni likaonekana. Halafu akashusha kidevu."

Mama alikuwa ameshika fremu ya mlango. "Usinifariji."

"Mimi nikufariji? Ningekuwa naongopa ningetia chumvi, hunijui? Ningesema alilitaja jina lako. Hakutaja jina la mtu. Alicheka tu, basi."

Tuliduwaa, Baba, na hapo tuliduwaa mara mbili. Kwanza kwa habari yenyewe. Pili kwa kuwa Mama Redio, mwanamke asiyeweza kuficha hata mimba ya paka, alikuwa amelibeba jambo hilo kifuani miezi yote ile kwa sababu Mama alimwomba anyamaze.

Mama akakaa sakafuni, palepale penye vumbi. Tulidhani analia. Alikuwa anatafuta kitu kichwani na hakipati.

"Sikumbuki," akasema. "Hiyo habari yote ya koti siikumbuki. Imefutika. Nisimulie tena."

Mama Redio akakaa naye chini, akaisimulia kuanzia duka la simu. Ilipofika kwenye koti, Mama akaficha uso kwenye kanga na mabega yakaanza, na hatukujua tumshike au tumwache. Kicheko na kilio vilitoka mlango mmoja. Bwana wa mgahawa, bado amepiga goti na skrubu ya watu mkononi, akauliza, "Sasa binti walimpa, hawakumpa?"

Walimpa. Na koti wakampa. Yule bwana tulimtafutia miguu mitatu iliyokuwa haina vichwa, akaondoka ameridhika, na siku hizi anapita kusikiliza habari kama wengine.

Jumamosi iliyofuata Mama alifungua madirisha ya chumba, akairudishia Kuku skrubu yake, akakaa. Hakutuita. Tuliposikia mkanda unaanza kwenda tulikuja wenyewe, Shangazi, Mama Redio, sote, tukakaa tulivyokuwa tunakaa. Kiti chako hakikukaliwa. Umbea wa siku hiyo hatuutaji hapa, wahusika wanasoma magazeti. Uliingia, ukanoga, ukaisha. Hakuna aliyesema rudia.

Tuligeuka wote kwa pamoja kukitazama kiti, Baba. Ilikuwa mazoea tu, shingo ziligeuka zenyewe. Hapo ndipo tulipopigwa na butwaa upya, kwa sababu hatukuwa tumewaza: ni nani sasa wa kumwambia Mama asimame? Miguu yake ilikuwa inaenda. Kifungua mimba wako alifungua mdomo akaufumba. Shangazi akanitazama, nami ninayeandika nikatazama mkeka. Hakuna aliyethubutu kulichukua neno lako. Gurudumu lilizunguka, kitambaa kikapita chote chini ya sindano, kikaanguka sakafuni, sindano ikabaki inatoboa hewa, na Mama anakitazama kiti. Alikitazama mpaka tukaanza kuogopa tena.

Kisha akainua miguu mwenyewe. Mmoja, halafu wa pili. Akaliwekea gurudumu kiganja mpaka likatulia, akafuta macho, akatugeukia kama mtu aliyetukuta tunazembea.

"Haya," akasema. "Nileteeni nyingine."

Jumamosi hii, siku ya kukukumbuka, nyumba iko wazi kuanzia mchana. Kila aliyekujua aje, na kila asiyekujua aje pia. Msije na maua. Njooni na habari, na ziwe mpya.

Unakumbukwa na mkeo, fundi nguo, ambaye amerudi kazini. Dada yako, ambaye bado anaamini ulikuwa unamringia. Kifungua mimba wako, binti yako wa katikati aliyeandika haya kwa niaba ya wote, na kitinda mimba wako mwenye mswaki mpya. Wajukuu wanaoteleza kwenye makanyagio yako. Mafundi wenzako wa lifti. Na Mama Redio, aliyesema tusipomtaja humu atatutangaza.

Kukusahau wewe, Baba? Hatujui hata mtu anaanzia wapi.