Vali Iliyogongwa Kwanza

Kwa mdogo wangu Kanzo,

Habari za miguu yako, na za shemeji, na za yule paka wenu mwizi? Natumaini theluji haijavunja paa la karakana yako ya kuchonga mihuri. Mimi ni mzima kuliko vijana. Jana nilipanda ngazi zote za jengo la kinu bila kupumzika, wao wakabaki nyuma wakihema. Basi, nimekudanganya. Nilipanda lifti, na hata humo nilihema.

Binti yako Sayo nilimpitia Jumapili. Tumbo limekuwa kubwa hadi mumewe ndiye anayemfunga viatu. Dirishani kwao unauona ukuta wetu wa mtambo, karibu kiasi kwamba king'ora chetu cha chakula cha mchana ndicho saa yake.

Sasa kazi. Unajua sisi tunajaribu vali za usalama, zile ambazo presha ikizidi ndani ya kinu cha nyuklia zinapaswa kufunguka zenyewe, mtu asiziguse. Na unajua adabu zetu, hatuanzi na mashine bila kuisalimu. Kila vali tunaigonga kidogo kwa nyundo ya mbao, tunaiomba radhi kwa usumbufu, ndipo tunapandisha presha. Waliotutangulia walifanya hivyo, nasi hatukuuliza.

Jumatano nilikuwa namsimulia Makabe, msimamizi wetu, jinsi mkwe wangu alivyokwama chooni siku ya arusi yake. Tukacheka hadi nikasahau kugonga. Presha ikafika pale vali inapopaswa kufunguka, ikapita. Vali kimya. Ikazidi kupanda. Kicheko kikatukauka mdomoni. Makabe akazima pampu, akanipa nyundo bila kunitazama. Nikagonga, tukarudia, ikafunguka vizuri kama mlango wa hoteli.

Makabe akasema basi, imefaulu, ile ya kwanza haihesabiwi kwa kuwa mimi, Mzee Toku wao, sina adabu. Nikamuuliza, siku presha ikizidi kweli, nani atakuwa amesimama pale na nyundo? Akaniambia niache mdomo wa kisirani, vali nyingine zipo. Zipo kweli. Nazo zote ziligongwa kwanza. Wahandisi wa juu walinijibu hivyohivyo, kwa kuinama sana na chai ya moto. Kinu kinawashwa Jumatatu.

Kanzo, kilichonishikisha kalamu ni hiki. Kinu hakiwashwi bila muhuri wa jina langu kwenye cheti, mimi niliyejaribu, na jana niliutupa baharini. Wao nimewaambia umepotea. Makabe alicheka, akasema mihuri imejaa madukani. Kisha akakumbuka kwamba jina letu la Ushiroda halipo katika duka lolote, lazima lichongwe. Leo amenipigia simu kuniuliza karakana yako iko mtaa gani. Sauti yake ilikuwa ya upole mno.

Msalimie shemeji, mwambie plamu zake za chumvi zinanimalizia meno. Sayo msimweleze kitu, mwiteni tu aje kujifungulia kwenu, na aje kabla ya Jumatatu.

Nawe unakumbuka nani alichapwa kwa matunda ya jirani uliyoyaiba wewe. Hujanilipa bado. Makabe akija, uumwe mkono, na usipone hadi waifungue ile vali vipande vipande waone ndani kuna nini.

Kaka yako,
Tokuji