Sanduku Lililokaa Luano

Jumatatu, 3 Oktoba

Sahani thelathini za bakteria kabla ya saa sita. Kabeya, fundi wa labo, anazifunga, mimi nahesabu. Kwa nyuzi thelathini bakteria wangu wanaota vizuri. Kwa nyuzi arobaini na mbili, hakuna kitu. Tena.

Bakteria wa kawaida, ukiwapasha joto, hutengeneza haraka protini za kulinda nyingine zisiharibike. Wangu wana kasoro kwenye jeni moja. Nadhani kuna protini moja wanashindwa kuitengeneza. Miaka minne ya kudhani.

Ili wachape makala yangu, wahariri wa jarida kule Ubelgiji wanataka picha ya protini zinazotengenezwa dakika za kwanza za joto. Bila dawa yenye mnururisho, haiwezekani. Leo duane, watu wa forodha, wamepiga simu: dawa imefika uwanja wa ndege, Luano, ndani ya sanduku la barafu.

Jumanne, 4 Oktoba

Luano, ofisi ya duane. Ofisa aligeuza karatasi zangu mara tatu, akitafuta mihuri na saini.

"Cachet iko, maman. Sinyatire ya doyen haiko."

"Ile kintu itaharibika. Inataka baridi."

"Basi ukimbie, maman."

Nilikimbia. Doyen, mkuu wa kitivo chetu, hayupo. Yuko kwenye mazoezi ya gwaride la chama.

Jumatano, 5 Oktoba

Doyen alinipokea amesimama, amevaa suti mpya ya abakosti. "Citoyenne, idara yenu haijatuma hata mwanamke mmoja kwenye kikundi cha kucheza." Kalamu ilibaki mfukoni.

Nilicheza. Saa tatu nzima juani, na kitenge cha chama, nikiimba sifa. Wanafunzi wangu walitazama. Mmoja alicheka, wengine waliinamisha macho. Hao wa pili waliniumiza zaidi.

Alisaini saa kumi na nusu. Duane wamefunga.

Najichukia.

Alhamisi, 6 Oktoba

Nimepewa sanduku. Lina joto. Ofisa alikuwa na furaha kabisa.

"Barafu iliyeyuka, maman, likakuwa maji tupu. Nikaliweka ku jua likauke."

Alidhani amenisaidia. Hata kumtukana sikuweza. Nikasema aksanti. Nililia ndani ya taksi, dereva akazima redio.

Jumatano, 19 Oktoba

Nilijaribu dawa hivyo hivyo. Filamu imetoka leo: nyeusi yote, kama masizi, haionekani protini hata moja. Basi.

Kabeya akasema tukuze bakteria wengi, tutumie rangi ya bluu ya zamani, inayoonyesha protini bila mnururisho. Nilimfokea. Kwamba hajui kitu. Kwamba nani Ulaya atakubali rangi ya bluu. Miaka kumi na moja tuko pamoja. Alivua koti lake jeupe, akalitundika, akaondoka.

Nimemfanyia vile doyen alivyonifanyia mimi.

Ijumaa, 21 Oktoba

Nimemwomba Kabeya msamaha, mbele ya wengine, kwa sababu nilimfokea mbele yao.

"Tuanze, docteur." Akavaa tena koti lake jeupe.

Lita sita za mchuzi wa bakteria. Umeme ulikatika mara mbili.

Alhamisi, 27 Oktoba

Upo! Kwa bakteria wa kawaida, baada ya joto, mstari mnene wa bluu: ile protini. Kwa wangu, pale pale, peupe. Tumerudia mara tatu. Mara tatu peupe. Kabeya alisema kweli.

Lakini rangi haionyeshi dakika za kwanza. Hilo ndilo walilouliza.

Ijumaa, 28 Oktoba

Doyen ameagiza jina lake liwe la kwanza kwenye makala. Bakteria hawa hajawahi kuwaona.

Nimetuma na majina mawili: langu, na la Kabeya. Naogopa. Nimekwisha kutuma.

Jumatatu, 12 Desemba

Jibu limefika. Niliandika kurasa kumi na mbili, watachapa mbili. Taarifa fupi. Sehemu ya dakika za kwanza wameifuta yote. Wana haki, na hasira haiishi. Ile sehemu ndiyo niliyoitaka.

Doyen amejua. Ameninyang'anya wanafunzi wa mwaka wa tatu.

Nikampa Kabeya barua. Alifuta miwani, akasoma. Alipofika kwenye jina lake alitua, akaanza tena mwanzo. Halafu akauliza kama anaweza kwenda nayo nyumbani hadi kesho, mke wake aione.

Nikamwambia aende nayo. Aliikunja polepole, akaitia ndani ya kitabu ili isilowe. Nje mvua ilikuwa inanyesha. Tulingoja ipungue, kila mtu kwenye kiti chake.