Fimbo za Mwalimu Neema

Nyarugusu, Jumatano

Na mhariri bado anasubiri habari yangu.

Nilitumwa kumwandika Neema, mwalimu wa darasa la awali asiyechapa watoto. Ni kweli hachapi. Leo Doto alimng'ata mwenzake. Neema akampa Doto kitambaa chenye maji amkande mwenzake, na wote wawili wakaacha kulia.

Ila kwenye kona ya darasa kuna rundo la fimbo. Kina mama huzileta wanapoandikisha watoto. Leo Mama Doto aliongeza nyingine.

"Huyu hasikii bila fimbo, mwalimu. Mchape tu, usimwonee huruma."

"Iweke pale, mama. Niachie mimi."

Mama Doto alipoondoka, Neema akanigeukia. "Mzee wangu, kina mama hawa wanajua nachapa. Ukiandika kwamba sichapi, Jumatatu watawapeleka watoto kwa yule mwalimu jirani. Kule wanachapwa mpaka wanajikojolea."

Nimechoka. Miaka yote nimewafundisha waandishi vijana kwamba habari bila jina si habari. Na picha ninayo, nzuri, fimbo zikionekana nyuma ya Neema.

Nimempigia mhariri nikamwambia sikupata habari. Hajawahi kunisikia nikisema hivyo. Akaniuliza kama naumwa.