Kobe na Mvua ya Saa Tisa

Ijumaa, 10 Januari 1997

Kobe, gari letu kuukuu, amegoma tena. Mvua ilianza saa tisa kama kawaida, ikaisha saa kumi kasorobo. Tukapakia sufuria mbili, jiko, gunia la mkaa na vibuyu arobaini vya kunywea. Shangazi Deuzarina akapiga stata. Krr-krr-krr. Akashuka, akalizunguka gari, akapanda tena. Limewaka mara ya saba. Nilihesabu. Mtu anapopiga stata mimi sina kazi nyingine.

Kwenye kona ya duka la dawa tumefika nusu saa baadaye. Bwana Aristeu, mstaafu wa posta, alikuwa amesimama pale na kibuyu chake mwenyewe alichotoka nacho nyumbani. Amekigeuza mdomo chini. Akasema alidhani tumekufa. Shangazi akamwambia bado.

Tatizo lenyewe ni hili: tacacá, ule mchuzi wetu wa muhogo, inauzwa baada ya mvua, hewa ikipoa, watu wakitaka mchuzi wa moto. Na Kobe hawaki baada ya mvua. Kama tungeuza uji wa asubuhi tungekuwa na gari bora kuliko yote Belém.

Naipenda kona ile. Yale majani tunayotia kwenye mchuzi yanaleta ganzi midomoni, na mtu mwenye midomo ya ganzi haniulizi mambo. Tangu nimalize shule mwezi uliopita kila mtu anataka kujua nitafanya nini. Pale hawaulizi. Wanapuliza, wanakunywa, wananyoosha kibuyu niwaongezee.

Bi Edinelza alikuja leo. Anauza maji ya matunda nyuma ya soko, mahali ambapo hapiti mtu. Alikunywa kibuyu kimoja taratibu, huku anaitazama ardhi chini ya jiko letu kama anayepima mkeka.

Jumamosi, 11 Januari

Majirani wametoa ushauri. Wa kwanza: betri. Wa pili: petroli ina maji. Wa tatu: kijicho. Wa nne alimpiga Kobe teke, Kobe akawaka, na sasa anajiita fundi.

Tumechelewa saa nzima.

Jumapili, 12 Januari

Mvua haikunyesha mpaka jioni. Kobe kawaka mara ya kwanza tu. Shangazi kanitazama. "Unaona? Ulikuwa unamsema bure."

Sikuwa nimesema chochote. Ila nilikuwa nimeandika humu. Sijui kama amesoma.

Jumatatu, 13 Januari

Asubuhi kwa Fundi Waldeci. Jua kali. Kobe kawaka hata kabla Shangazi hajakaa sawasawa. Waldeci akasikiliza injini akiwa amefumba macho, kama daktari.

"Bi Deuzarina, gari hili lina afya kuliko mimi."

"Baada ya mvua haliwaki."

"Baada ya mvua na mimi siwaki. Leta tena kesho, kabla ya mvua."

Ndivyo alivyosema mwaka jana. Na fundi wa kabla yake alisema hivyo hivyo. Hapa kila mtu anapanga mambo yake kabla ya mvua au baada ya mvua. Wakati wa mvua yenyewe watu wanalala. Kwa hiyo — nimeliwaza hili njia nzima — hakuna fundi aliyewahi kumwona Kobe akiwa mgonjwa. Wamemwona akiwa mzima tu, asubuhi, wakashangaa tunalalamika nini.

Nilitaka kumwambia Waldeci. Sentensi yote ilikuwa tayari kichwani. Nikasema "Asante."

Jioni: kawaka mara ya kumi na moja.

Jumanne, 14 Januari

Hakuwaka kabisa.

Mchana nilikuwa nimemfunika nyuma, kwenye injini, kwa kile kitambaa cha plastiki cha mezani. Nilifunga kwa kamba pande zote. Mvua ikanyesha, ikaisha, nikafungua: ndani kumelowa kama nje. Nadhani unyevu ulipanda kutoka chini. Shangazi hakuuliza habari za injini. Aliuliza kwa nini meza iko uchi.

Majirani walisukuma mpaka mwisho wa kichochoro. Pale kuna dimbwi. Wakasukuma kurudi.

Tacacá tumekula wenyewe. Jirani aliyepiga teke alikula vibuyu vitatu.

Jioni ya kwanza bila moto. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo Shangazi alivyosema, kwa sauti ya kawaida, huku anaosha sufuria. Kona yetu haina karatasi. Ni ya mwenye moto. Jioni tatu mfululizo bila moto, kona imeachwa, na atakayewasha jiko ni yake. Wauzaji wote wanajua. Edinelza anajua.

Nikauliza kama hatuwezi kulalamika mahali. Shangazi akasema atalalamikaje, na bibi yangu aliipata vivyo hivyo? Mwanamke aliyekuwa pale kabla yake alivuka mto kwenda kumzika kakaye, akakaa siku nne. Bibi alimsubiri siku tatu. Shangazi anasema alisubiri kwa heshima. Alikuwa na jiko mkononi, lakini kwa heshima.

Halafu akasema magoti yake yanamuuma, na labda sasa ni zamu ya Edinelza. Hivyo tu. Akaendelea kuosha.

Mimi ningefanya nini siku nzima? Hilo sikumuuliza.

Jumatano, 15 Januari

Mambo mengi. Naandika kwa utaratibu.

Saa nane u nusu nikaamua. Kama fundi haji wakati wa mvua, nitakwenda mimi. Injini iko hapo hapo, mlangoni kwetu. Sijui kwa nini hatukulifikiria hili miaka yote. Nadhani kwa sababu ilikuwa inanyesha.

Mvua ikaanza saa tisa. Shangazi alikuwa kwenye machela yake, kitanda cha kuning'inia. Nikamwomba aje apige stata. Akafumbua jicho moja.

"Juci. Umekwenda shule miaka kumi na moja ili usimame mvuani?"

Nikasema ndiyo.

Akaja, amejifunika mfuko wa taka kichwani. Jirani mmoja alitoka mlangoni kututazama, akamwita mkewe naye atazame.

Mimi nikajifunika blanketi pamoja na injini, kama wale wapiga picha wa zamani. Giza kabisa. Nikapiga kelele: "Washa!" Nadhani sijawahi kumpigia Shangazi kelele. Krr-krr-krr — na nikaona!

Vijiuzi vya buluu. Vilikuwa vinatambaa juu ya kile kifuniko cheusi cha distributa, pale nyaya zote zinapokutana. Cheche hazikuwa zinakwenda kwenye plagi. Zilikuwa zinatembea nje, zinafuata maji. Ni nzuri sana. Nilisema "Washa!" mara tatu zaidi hata baada ya kuelewa.

Nikakausha kwa taulo. Chini ya maji kulikuwa na ufa, mwembamba kama unywele. Maji yanaingia kwa yale matundu ya hewa ya nyuma, juu ya injini, yanadondoka hapo hapo. Asubuhi ufa umekauka, Kobe mzima. Alasiri umelowa, Kobe mgonjwa. Miaka yote ni hilo tu.

Tukajaribu tena, lakini ufa ulikuwa umeshalowa upya. Kobe akakohoa mara moja kama mtu anayetaka kusema kitu, akaacha. Namwelewa.

Shangazi akasimamisha teksi. Dereva akainusa sufuria akiwa ndani, kioo nusu, akasema gari lake si jikoni. Akaenda.

Jioni ya pili bila moto.

Bwana Aristeu kaja mpaka nyumbani na kibuyu chake. Alikuwa ametembea mitaa ishirini na miwili. Kasema jana na leo Edinelza alipita konani, akasimama, akatazama saa ya duka la dawa. Hakuja na jiko. "Bado," alisema Bwana Aristeu. Akala kwa kusimama, kibarazani kwetu, akasema ladha si ile. Ni sufuria ile ile!

Alhamisi, 16 Januari, asubuhi

Nimekwenda kwa Waldeci peke yangu. Kwa miguu. Nilichora kifuniko na ufa kwenye daftari hili, ukurasa wa nyuma, ili kama sauti isingetoka nimwonyeshe mchoro.

Nilizunguka uzio wake mara tatu. Mara ya nne akasema kutoka chini ya lori: "Binti, ama ingia ama nikujengee kibanda cha kupumzikia hapo nje."

Nikaingia. Sauti haikutoka. Nikampa mchoro kule chini.

"Hii umeiona lini?"

"Wakati wa mvua."

"Wakati wa mvua ulikuwa unafanya nini nje?"

"Nilikuwa natazama."

Akatoka chini ya lori akiwa chali, akanitazama, akautazama mchoro tena. Akasema yeye ni fundi miaka thelathini. Akatazama mawingu kama anayepiga hesabu ya mvua ngapi amelala.

Kifuniko kipya hana. Kitafika Jumatatu. Nikamwambia — nilimwambia mwenyewe, kwa mdomo — Jumatatu hatutakuwa tena na kona. Akajikuna shingo kwa spana. Kasema nikaushe kabisa, halafu nipake ule ufa rangi ya kucha, mara mbili, niache ikauke juani. Itatufikisha. Haitatufikisha mbali, lakini itatufikisha. Yale matundu nisiyazibe, injini inapumulia huko. Na nisimwambie mtu kwamba yeye ndiye aliyesema rangi ya kucha.

Simwambii mtu. Naandika tu.

Shangazi ana chupa moja, nyekundu ya kuiva, anayopaka Jumamosi. Aliitoa bila kuuliza. Nimepaka kwa mkono thabiti. Kobe sasa ana ukucha mmoja.

Nimefunga pia kiberiti kwenye mfuko wa plastiki, nimekitia mfukoni. Baada ya jana nimekuwa mtu wa kufikiria unyevu.

Alhamisi, 16 Januari, garini

Naandika nikiwa kwenye kiti cha Shangazi. Mguu wa kulia uko kwenye pedali ya mafuta.

Mvua ilianza saa nane leo badala ya saa tisa. Saa kumi haikuisha. Saa kumi na moja kasorobo haikuisha. Shangazi alikaa kwenye machela amevaa viatu. Mimi nilikaa karibu na sufuria. Halafu akasema: "Basi twende nayo." Hatujawahi kwenda kuuza mvuani. Majirani walifungua madirisha.

Kobe kawaka mara ya pili!

Shangazi kafanya ishara ya msalaba. Mimi nilikuwa natabasamu kwenye kioo cha pembeni, nimejiona.

Tuko konani. Edinelza yuko hapa. Amekaa chini ya upenu wa duka la dawa, mahali petu hasa, na jiko, na sufuria, na mpwa wake mwenye baiskeli ya magurudumu matatu. Jiko bado halina moto.

Shangazi akaniambia: "Kanyaga kidogo kidogo. Usizime. Ukizima hapa, mvuani, hatutoki." Akashuka na mwavuli.

Sijui kuendesha. Najua kukanyaga.

Wanazungumza. Sisikii, kwa sababu ya mvua na Kobe. Edinelza hajasimama. Ananyoosha kidole chini, halafu anainua vidole vitatu. Shangazi anatikisa kichwa. Edinelza anasema kitu kirefu. Nadhani anamtaja bibi, maana Shangazi ameutazama ukuta.

Bwana Aristeu yuko hapa! Amesimama katikati yao wawili, kibuyu mdomo chini. Anasubiri ajue atakunywa kwa nani.

Edinelza anapepea jiko. Moshi tu. Anapepea tena. Moshi mweupe, mzito, halafu haupo. Gunia lake la mkaa limekuja kwa baiskeli, wazi. Linachuruzika maji mpaka kwenye ngazi za duka la dawa. Shangazi halioni, ameligeuzia mgongo. Kutoka hapa naliona vizuri.

Letu liko kiti cha nyuma. Nimeligusa. Kavu.

Shangazi amegeuka. Ananipungia mkono. Si ule wa njoo. Ni ule wa tuondoke. Ameshauteremsha mwavuli kidogo, kama mtu aliyekwisha kuaga. Anakuja. Magoti yanamuuma, anakuja polepole.

Nimezima.

Kimya. Mvua tu sasa. Shangazi amesimama katikati ya barabara. Anaisikiliza injini ambayo haipo.

Nimepiga stata ili nihakikishe. Krr-krr-krr. Tena. Krr-krr. Haliwaki. Vizuri. Sasa hatuwezi kuondoka.

Wote wananitazama. Edinelza ameacha kupepea. Itabidi niseme kitu, na itabidi nikiseme kwa sauti kuliko mvua. Kiberiti kiko mfukoni. Nashuka. Kwanza jiko, halafu mkaa mkavu, sufuria mwisho.