Nyuzi za Besi Isiyo na Vyuma

Mbaha, 3 Februari 2024

Mjomba Othmar,
Shikamoo. Sisi wazima, mama anakusalimu. Mgongo wako unaendeleaje huko Morogoro?

Besi uliyoniachia, lile gitaa lako la sauti nzito, imeniaibisha. Nyuzi mbili zilikatika, nikafunga mshipi wa kuvulia wa kaka Nazari. Jumapili kila nikizigusa hizo mbili, spika kimya! Kwaya nzima ilicheka. Mwalimu wetu Cuthbert amesema isipolia vizuri Pasaka, kinanda kitachukua nafasi yangu. Mjomba, nitakufa kwa uchungu. Ninunue nyuzi zipi?

Mpwa wako, Aurelia

Morogoro, 14 Februari 2024

Mpwa wangu,
Marahaba. Mgongo ulikuwa umepona, sasa unauma tena kwa kicheko. Mshipi ni wa samaki, mama! Sumaku iliyo chini ya nyuzi husikia chuma tu.

Dukani watakusifia nyuzi zinazokwaruza. Zikatae. Vile vyuma vya kugawa sauti shingoni mwa gitaa niliving'oa mwenyewe kwa koleo, kwa hiyo kidole kinabana uzi kwenye mbao tupu. Nyuzi za kukwaruza zitaitafuna mbao kama tupa. Tafuta zilizozungushiwa waya bapa. Pitisha kucha: zikiteleza, ndizo.

Mjomba wako, Othmar

Mbaha, 16 Machi 2024

Mjomba,
Shikamoo. Hatujambo, mvua tu ndiyo imezidi.

Nilipanda hadi Mbinga mjini. Muuzaji alisifia zinazong'aa mpaka jasho likamtoka. Nikapitisha kucha, kwaruu! Nikakataa. Chini ya kabati palikuwa na boksi moja lenye vumbi, zinateleza. Nimezifunga, lakini sauti imepoa. Nazari anasema nimeuziwa nyuzi zilizokufa. Zimebaki wiki mbili, naogopa. Nimekosea?

Mpwa wako, Aurelia

Morogoro, 22 Machi 2024

Aurelia,
Marahaba, pole na mvua. Hujakosea hata kidogo! Tatizo unapiga kama unanyonyoa kuku. Bembeleza. Kidole kikae juu ya alama ya chuma kilichong'olewa, kisha uteleze nacho kwenye uzi.

Mjomba wako

Mbaha, 1 Aprili 2024

Kristo amefufuka, Mjomba, na besi yako pia!
Shikamoo. Ubeti wa kwanza bado nilinyonyoa kuku. Wa pili nikateleza, ikaimba mpaka wazee wakasimama. Mwalimu Cuthbert akazima kinanda mwenyewe, kwa mkono wake! Mama alilia, akasema, "Huyo Othmar yuko humu kanisani." Nimeshinda, Mjomba!

Kwaya ina besi nyingine, yenye vyuma. Mwalimu ameniomba nikuulize: ulitumia koleo gani?

Mpwa wako mpiga besi, Aurelia