Mapafu ya Papa Dirishani

Jumanne, saa kumi alasiri. Ukungu ulishuka tangu asubuhi mpaka kwenye migomba na haukuondoka; sasa unageuka manyunyu. Niko jikoni, nimejifunika kitenge mabegani, na upepo unanipiga usoni kwa sababu dirisha liko wazi. Nimeking'oa kizibo chake mimi mwenyewe leo asubuhi kwa koleo. Nitaeleza.

Naandika hapa kwenye blogu kwa sababu daftari la nyumbani dada yangu analisoma, halafu anajifanya hajalisoma. Ninyi mnaosoma hapa angalau hamnijui.

Mimi ni muuguzi kwenye kituo kidogo cha afya, juu ya barabara ya kwenda Kitshanga. Natoa dawa za kifua kikuu: kila mgonjwa na fishi yake, yaani kadi ya dawa, kila siku alama moja. Papa yangu, yaani baba yangu mzazi, alikuwa mmoja wa wagonjwa wangu. Alimeza vidonge miezi sita bila kuruka hata siku moja, na mwishoni maabara ikasema makohozi yake ni safi. Sasa ni msimu wa tatu wa maharage tangu tumzike.

Na mapafu yake yalikuwa dirishani mpaka leo.

Si mzaha. Nasema ile picha nyeusi ya plastiki, ya eksirei, aliyopigwa hospitalini Mweso alipoanza kuugua. Aliipigilia mwenyewe kwenye dirisha la jikoni, pale ubao ulipooza. Misumari minne, na chini ya kila msumari kifuniko cha chupa ya soda ili plastiki isichanike. Dada yangu alinung'unika kwamba jikoni patafanana na hospitali. Papa akamjibu, "Iko muzuri. Mvula haipite, na mwangaza inaingia."

Tangu afe, kila asubuhi nikiwasha moto wa chai, jua likitokea ng'ambo ya bonde linapita kwanza kwenye mbavu zake. Juu, upande wa kulia, kuna duara jeusi la ukubwa wa yai, na kulizunguka kuna weupe kama maziwa yaliyomwagika. Mbele ya duara hilo nimekunywa chai yangu msimu baada ya msimu. Kuna siku nasikia pumzi yake, ile ya kupanda mlima, inayokatika katikati. Najua ni upepo kwenye misumari. Najua, lakini naweka kikombe chini na kusikiliza.

Sasa kosa langu. Nimelizunguka vya kutosha.

Huku kwetu tunalima kwa likirimba, yaani kundi la majirani wanaolimiana kwa zamu: leo kwako, wiki ijayo kwangu, maana mlima huu haulimiki na mtu mmoja. Papa alipougua walimlimia msimu mzima, na jambo hilo lilimkaa moyoni. Alipomaliza dawa nikaona nimpe heshima yake. Siku kundi lilipokusanyika shambani kwetu, nilimsimamisha mbele yao, nikainua fishi, nikatangaza kwamba amepona, vidudu vyote vimekufa, wampokee kazini. Walipiga makofi.

Papa alinisogelea taratibu. "Mutoto yangu, pumzi iko inanikatala ku mulima."

Nami, na koti langu jeupe, nikamjibu kwa sauti iliyowafikia wote: "Papa, fishi njo inasema ulipona. Hiyo ni buvivu tu."

Watu walicheka. Yeye pia alicheka. Halafu akachukua jembe.

Nimeandika sentensi hizo nikaacha simu, nikaenda kumwaga majivu, nikarudi. Mvivu, mtu aliyewatangulia kuku kuamka maisha yake yote.

Alilima wiki tatu. Wiki ya nne, kwenye shamba la jirani, aliinama kati ya matuta mawili na damu ikamtoka mdomoni. Waliniita kituoni nikakimbia na koti likinipepea, na nilipofika hakukuwa na kazi ya muuguzi tena. Jembe lake lilikuwa limesimama wima udongoni.

Kwa muda mrefu nilitamani dawa iwe ilidanganya, au maabara iwe ilikosea. Ningepata mtu wa kumkasirikia. Lakini mwaka huu daktari mmoja alikuja kutufundisha, nami nikamuuliza kana kwamba nauliza habari za mgonjwa tu: mtu anawezaje kuwa safi na bado akakosa pumzi?

Alieleza hivi, nami naeleza nilivyoelewa. Vidudu vikiingia pafuni, mwili unatuma chembe nyeupe za damu kupigana navyo. Mahali hapo panavimba na kupata joto. Chembe hizo zinavimwagia vidudu sumu kali ambayo mwili unaitengeneza kwa oksijeni, hewa ileile tunayoivuta ili tuishi. Sumu hiyo haichagui. Inaunguza kidudu, na inaunguza nyama ya pafu iliyo karibu. Mwili una akiba yake ya kuizima, lakini vita vikiwa virefu na chakula kikiwa kidogo, akiba inakwisha. Nyuzi zinazolifanya pafu litanuke na kurudi zinakatika, nyama inayeyuka, panabaki tundu, na kando yake kovu gumu. Mara nyingine mshipa wa damu unabaki ukutani mwa tundu hilo, umekuwa mwembamba, unangoja.

Dawa inaua vidudu. Haishoni tundu.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya ule uharibifu ulifanywa na mwili wa Papa mwenyewe, ukimtetea. Baadaye nilimfuata daktari nje, nikamuuliza kama jembe ndilo lililomuua mgonjwa wangu huyo. Akasema hawezi kujua, mshipa kama ule unaweza kupasuka hata mtu akiwa amelala. Labda alinisoma usoni akataka kunifariji. Lakini pumzi iliyomkatalia Papa ilikuwa ya kweli. Aliisikia, akaniambia, na mimi nikamfanya kichekesho.

Basi leo ilikuwa zamu ya Mama Zawadi, mgonjwa wangu mwingine wa kifua kikuu.

Yeye na familia ya mume wake walikimbia vita kutoka Buleusa, sasa wanaishi chini ya kituo chetu. Kazi yake ni kubeba magunia ya viazi kutoka milimani mpaka barabarani, mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso. Amemaliza miezi sita. Majibu yake yalifika jana: safi. Na bado akipanda mpaka kituoni anashika nguzo ya mlango kwanza, anangoja, ndipo anasalimia.

Tangu aanze dawa, nyumbani wamemtengea sahani. Anakula peke yake karibu na mlango. Nimewaeleza mara nyingi kwamba ugonjwa huu haupitii sahanini; wananiitikia vizuri, na sahani inabaki palepale. Leo wifi yake angekuja naye kusikia neno kutoka kinywani mwangu.

Neno lenyewe nililijua, na lilinikosesha usingizi. Nikisema amepona na kunyamaza, Ijumaa ni soko, atajifunga kamba. Nikisema mapafu yake yameumia, wifi atasikia bado ni mgonjwa, na sahani haitatoka mlangoni maisha yake yote.

Ndiyo maana asubuhi nilichukua koleo.

Walipoketi, nilishikilia picha kwenye mwanga wa dirisha la kituo. Mama Zawadi aliangalia mbavu zile, akauliza ni za nani. Nikamwambia ni za papa yangu. Nikaweka kidole kwenye duara jeusi, nikaeleza kila kitu: vidudu, vita, sumu, kovu. Nilidhani maelezo yangu yatampita. Yeye alikuwa mbele yangu.

"Njo ile tuliona kwetu," alisema. "Benye balikuya kutuchunga njo balikula mbuzi yetu."

Wifi yake aliitikia kwa koo tu; naye aliwajua walinzi hao waliokula mbuzi wao.

"Alipona?" Mama Zawadi akauliza.

"Alipona."

"Sasa iko wapi?"

"Tulimuzika, mama."

Alirudisha macho kwenye picha. "Ulimuambia hii yote, ao ulimuficha?"

"Sikuijua. Nilimuita muvivu."

Sikuwa nimepanga kulisema. Hakuna mtu niliyewahi kumwambia, hata dada yangu. Mama Zawadi hakunipa pole. Alisogea karibu na picha, kama mtu aliyesikia jambo linalomhusu.

Alikuwa amekuja na bugali na maharage kwenye ile sahani yake, imefungwa kwa kitambaa. Nilinawa mikono, nikamwomba aifungue, nikakata tonge nikala. Kisha nikamgeukia wifi. Nilimwambia kwamba huyu amepona, hana cha kumwambukiza mtu, sahani irudi katikati. Na kwamba mzigo wa mlimani asibebe tena, si kwa uvivu, ni kwa sababu pafu lina kovu. Akiona damu hata tone, aje siku hiyohiyo. Nimemwandikia pia barua ya kwenda kupigwa picha Mweso.

"Sasa nani atabeba?" wifi akauliza.

Hakuuliza kwa ubaya. Wanakula kwa mgongo ule. Nilisogeza sahani katikati yetu.

Wifi mwenyewe ndiye aliyenyoosha mkono. Alikata bugali kwenye sahani ileile, akachovya, akatafuna bila kututazama. "Tutaona," alisema. "Na mimi niko na mugongo."

Niliwatazama wakishuka. Walitembea polepole, na kwenye kona Mama Zawadi aliposimama kutafuta pumzi, wifi naye alisimama. Kama Ijumaa atabeba au hatabeba, sijui. Nitakuwa barabarani kuangalia.

Sasa niko hapa, picha iko magotini mwangu, na manyunyu yanaingia kwenye unga. Dada ameshaniuliza mara mbili dirisha limepatwa na nini.

Jumamosi zamu ya likirimba ni yetu. Watakuja walewale, pungufu mtu mmoja. Bado wanasimulia, tena kwa upendo, jinsi binti muganga, ndivyo wanavyomwita muuguzi huku, alivyomtania baba yake. Nitasimama mahali palepale nilipomsimamisha, bila koti, na picha hii mkononi. Nitawaambia Papa hakuwa mvivu, alikuwa anasema kweli. Nitalisema kwa sauti ileile. Walisikia ile, wasikie na hii.

Picha hairudi dirishani, nitapigilia ubao. Lakini ubao sina mpaka keshokutwa, na kinachonitisha ni kesho asubuhi: jua litaingia hapa moja kwa moja, bila kupita kwanza kwenye mbavu zake.